Jicho la Mzee Machage

Mume wangu Method nilimjua akiwa na kipara. Mimi ni wa Nyamwaga, na mwaka huo, 1971, kijiji chetu kilikuwa kinajenga madarasa mawili ya shule kwa nguvu zetu wenyewe. Wanaume walichoma matofali, akina mama walisomba maji, na sisi wasichana tuliomaliza darasa la saba tulipangiwa zamu ya kuwapelekea mafundi chakula. Method alikuwa mmoja wa mafundi hao. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye meno meupe na mikono isiyotulia hata akiwa amekaa. Kila Jumamosi alikaa juu ya tofali akanyolewa na mwenzake kwa wembe mpaka kichwa kinang'aa.

"Kwa nini unanyoa kila wiki?" nilimuuliza siku moja nikimpa sahani yake ya ndizi.

"Vumbi la saruji," akasema. "Likiingia kwenye nywele halitoki."

Nikaamini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kijana akiwa na meno mazuri mtu huamini mengi.

Kwao kulikuwa Kenyamonta, ng'ambo ya mto Mara. Baba alimtuma mjomba aende akaulizie ukoo. Mjomba alikaa huko siku nne, akanyweshwa pombe ya mtama, akarudi akisema watu wale ni wakarimu, wana ng'ombe, na Kingoreme chao ukisikiliza vizuri ni kama Kikurya chetu tu. Hakusema kingine. Tukafunga ndoa kanisani mwishoni mwa 1972, nikavuka mto.

Wiki ya pili ya ndoa yetu Method aliugua malaria. Alilala siku kumi na mbili, na hakuna aliyefikiria kumnyoa mgonjwa. Siku ya nane nilikuwa namfuta jasho nikaona juu ya paji lake, katikati kabisa, nywele zinaota nyeupe kama unga. Kulia nyeusi, kushoto nyeusi, katikati kishungi cheupe. Nikadhani ni majivu. Nikalowanisha kitambaa nikasugua. Nikasugua tena. Yeye akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

"Haitoki, Efrazia," akasema. "Nimezaliwa nayo."

Hapo ndipo nilipomkumbuka dada yake. Waisiko nilimwona siku ya harusi, msichana wa umri wangu hivi, mwenye macho ya bluu kama anga la asubuhi katika uso mweusi kama wangu. Niliambiwa tu kwamba hasikii wala hasemi, aliugua masikio utotoni. Kila mara alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Jioni ile nilimfuata kule alikokuwa anaogesha ndama, nikamwonyesha kwa kidole: vua. Akavua bila shida yoyote, akicheka. Nywele zake za mbele zilikuwa nyeupe kama za kaka yake.

Nikarudi ndani nikaanza kufunga nguo zangu kwenye khanga.

Mama mkwe wangu aliitwa Ghati. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mjane wa miaka sita wakati huo. Alinikuta mlangoni na kifurushi changu. Hakunizuia.

"Kama unakwenda, nenda," alisema. "Lakini ujue unakimbia nini. Keti kwanza."

Nikaketi. Akaniambia alizaa watoto watatu walioishi. Method alizaliwa na nywele tu. Macho yake mazima, masikio mazima. Watu wakafurahi, wakasema ni alama ya baraka. Akaja Waisiko na nywele, na macho, na baada ya miaka miwili wakagundua na masikio. Wa mwisho, Rubeni, yule aliyekuwa akifanya kazi Musoma, hakupata hata kimoja.

"Nywele, macho, masikio," akasema, akikunja vidole vitatu. "Ni ndugu. Wanasafiri pamoja, lakini si lazima wafike wote. Mimi nimeangalia watoto wangu, sijui zaidi ya hapo. Nilimwambia Method akuambie mapema. Akaogopa."

"Amenidanganya, mama."

"Ndiyo. Amekudanganya."

Sikutegemea akubali haraka hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, sasa sikuwa na wa kubishana naye. Nikasema nitasubiri mume wangu apone, maana mtu haachi mgonjwa. Alipopona nilimkasirikia mwezi mzima. Hakunyoa tena. Na kidogo kidogo, bila kutangaza, nikaacha kukifikiria kile kifurushi.

Waliosababisha nikae ni wawili. Mmoja ni Ghati, kwa kukubali kosa la mwanawe bila kubisha. Wa pili ni Waisiko. Wiki ile ile ya ugonjwa aliniita kwa mkono, akanionyesha kitendo cha kumenya ndizi, kisha akanigusa kifuani. Akarudia: kumenya ndizi, kifua changu. Ghati akacheka. "Amekupa jina. Wewe ni yule wa kwenye ndizi."

Maana katika boma lile watu waliongea kwa mikono. Si Waisiko peke yake. Wote. Ghati na wanawe walikuwa wametunga maneno yao taratibu, mwaka hadi mwaka, tangu Waisiko akiwa mdogo, na sasa yalikuwa mamia. Kila mtu alikuwa na jina. Method alikuwa kidole kinachogusa paji. Ghati alikuwa viganja viwili vinavyosaga wimbi kwenye jiwe. Mvua, vidole vinavyoshuka kisha mkono unafuta uso. Boma lilikuwa juu ya kilima, na Waisiko akiwa bondeni kwenye kijito, mama yake alisimama ukingoni akamwambia mambo yote bila kupaza sauti: ndama wako wapi, rudi na maji, wageni wamekuja, ni wawili, mmoja mlevi. Tulikula huku tunaongea na midomo imejaa, na hakuna aliyetuambia ni utovu wa adabu. Kanisani tulisengenya mahubiri yote. Padre alidhani tunasali kwa bidii.

Mpaka leo nikikumbuka miaka ile miwili juu ya kilima, naiona kwanza mikono.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye jina lake la mikono sikulipenda kulitumia. Nikodemo, kaka yake marehemu baba mkwe wangu Simoni. Jina lake lilikuwa mkono unaosukuma sahani kando. Nikodemo alikuwa na nywele nyeupe zote, na alikuwa nazo hivyo tangu ujana. Watu walisimulia kwamba alipokuwa na miaka ishirini na tano tayari aliitwa kukaa na wazee, kwa sababu ya kichwa chake. Siku ilipojulikana kwamba Waisiko hasikii, yeye ndiye aliyesimama mbele ya ukoo akasema neno lililobaki: "Hii ni damu ya ng'ambo." Ghati, kama mimi, alitoka upande wa Tarime. Tangu siku ile, miaka ishirini na kitu, Nikodemo hakula chakula cha Ghati. Alikuja misibani, alikuja kwenye mashauri, alikaa kwenye kigoda. Sahani ikiletwa, aliisukuma.

Mwaka 1974 tukahamishwa. Operesheni ya kuhamia vijijini ilifika Kenyamonta mwezi wa nane, mara baada ya mavuno. Viongozi walikuja na kamba na vigingi, wakapima viwanja kwa mistari iliyonyooka tambarare, huku barabarani, na kila kaya ikaambiwa kiwanja chake. Tuling'oa milango tukaibeba. Tulibeba jiwe la kusagia kwa machela kama mgonjwa. Ghati hakulia, lakini alipofika kwenye kiwanja chetu kipya na kuona nani anapigilia vigingi upande wa pili, alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa Nikodemo.

"Miaka yote hii kilima kizima katikati yetu," alisema. "Sasa Serikali imetupa uzio wa minyaa."

Maisha ya mistari yalikuwa na uzuri wake, sitasema uongo. Shule ilikuwa karibu, zahanati ikafunguliwa. Katika shamba la kijiji tulilima pamba bega kwa bega, na wasichana wa majirani wakajifunza maneno yetu ya mikono kwa sababu yaliwafaa kumsema msimamizi akiwa amesimama pale pale. Lakini Waisiko alipata tabu. Kule kilimani alimwona kila mtu akija kutoka mbali. Huku watu walitokea nyuma yake ghafla, kwenye kona za nyumba, naye alishtuka mara ishirini kwa siku. Akaanza kukaa mgongo ukiwa umegusa ukuta.

Mwaka uliofuata nikapata mimba. Tulikuwa tumeshakaa karibu miaka mitatu bila mtoto, na watu walikuwa wameshaanza kusema. Badala ya kufurahi, nikawa siombi kitu kingine usiku na mchana ila masikio. Mungu, nywele chukua, macho chukua, niachie masikio. Na chini ya sala hiyo kulikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia hata Method. Mimi nami ni wa ng'ambo. Nilijua kile kitakachosemwa.

Ghati alijua bila kuambiwa.

Mwezi wa tisa wakaja watu wa afya kukagua macho, maana trakoma ilikuwa inasumbua. Nikodemo alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo kaya zetu zilikaguliwa uani kwake. Kati ya wakaguzi alikuwepo kijana mwembamba, Stanslaus, mwanafunzi wa udaktari kutoka Dar es Salaam aliyekuwa kwenye mazoezi. Alikuwa anafunua kope, anaangalia, anaandika, anafunua kope nyingine. Zamu ya Waisiko ilipofika, alimgeuzia uso kwenye mwanga, akatazama jicho moja, kisha la pili. Akamwomba avue kitambaa. Kisha akatazama foleni, akamwona Method na kishungi chake.

"Ninyi ni ndugu?"

"Tumbo moja," Method akajibu.

"Mama yenu yupo? Naomba kesho nije nyumbani kwenu. Si kwa ubaya."

Alikuja kweli, na daftari na kalamu mbili. Tulikaa nje ya jiko. Ghati alikuwa anapeta mtama. Stanslaus alimwamkia, "Shikamoo mama," akakaa chini kwenye mkeka kama mtoto wa nyumbani, akaanza kuuliza: watoto wangapi, nani ana nini. Alichora duara kwa mwanamke na kisanduku kwa mwanaume, akatia wino mweusi pale penye alama. Waisiko alikaa nyuma yake, mgongo ukutani, akifuatilia kalamu.

"Mama," Stanslaus akasema, "huyu dada hakuugua masikio. Alizaliwa hivi. Ndani ya mwili kuna chembe za urithi. Kila mtu anapewa nusu na baba yake, nusu na mama yake. Sasa ipo chembe moja ambayo kazi yake ni kupeleka rangi. Inapeleka rangi kwenye nywele. Inapeleka kwenye macho. Na ndani kabisa ya sikio, mahali usipoweza kupaona, napo panahitaji chembechembe za rangi hiyo hiyo ili sikio lifanye kazi."

Ghati aliacha kupeta. "Sikio lina rangi?"

"Ndani, ndiyo. Chembe ile ikiwa na kasoro, rangi inakosa kufika. Kwa mwingine inakosa nywele tu. Kwa mwingine inakosa kote."

"Kwa hiyo ni kitu kimoja," Ghati akasema polepole. "Siyo ndugu watatu. Ni mtu mmoja anayebisha hodi milango mitatu."

"Hivyo hasa, mama."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na tumbo langu la miezi minne. Nikauliza swali nililokuwa nimelibeba miezi yote ile. "Na mume wangu, aliye na nywele tu? Amebeba nywele tu?"

Stanslaus alinitazama, akatazama tumbo. Naona mpaka leo alivyotamani kunipa jibu jingine. "Hapana, dada. Amebeba chembe nzima. Mtoto anaweza kuipata au asiipate, nusu kwa nusu. Akiipata, hakuna anayeweza kujua mapema itabisha hodi wapi."

Method aliinamisha kichwa. Ghati akaweka ungo chini.

"Mwanangu, imetoka wapi? Kwetu hakuna mtu wa nywele hizi. Baba, mama, ndugu zangu tisa, watoto wao wote. Hakuna."

"Na baba yao?"

"Simoni hakuwa na kishungi. Alikuwa na mvi tu."

"Mvi tangu lini?"

"Aliponioa alikuwa nazo. Kichwa kizima."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu. Minne."

Kalamu ilisimama. "Mama," Stanslaus akasema, "mvi za mapema namna hiyo nazo ni mlango."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka, lakini wote tuligeuka. Upande wa pili wa minyaa, Nikodemo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akinoa jembe la palizi, na kichwa chake kilikuwa cheupe kama pamba iliyopasuka.

Ghati akasimama, akakung'uta makapi kwenye nguo. "Twende," akasema.

Mimi kama mkwe sikupaswa kumkaribia Nikodemo, kwa hiyo nilibaki kwenye uzio, lakini minyaa haizuii maneno. Stanslaus alimwamkia kwa heshima, akamweleza yote aliyotueleza. Nikodemo aliendelea kunoa. Kijana akauliza kuhusu baba yao, mzee Machage, aliyefariki zamani.

"Baba alikuwa na nywele za kawaida," Nikodemo akasema.

"Macho yake je, mzee?"

"Alikuwa na jicho moja bovu. Lilichomwa na mwiba akichunga."

"Lilikuwa rangi gani, hilo bovu?"

Tupa ikasita juu ya jembe. "La maji maji."

"Bluu?"

Nikodemo akageuza jembe upande wa pili. Stanslaus akafunga daftari. Nadhani aliona kwamba amefika mahali ambapo mgeni hapaswi kuvuka. Ndipo Ghati akasema. Hakupaza sauti.

"Shemeji. Tangu uliposema lile neno lako sijawahi kukuuliza kitu. Sikukuuliza kwa nini huli kwangu. Leo nakuuliza kimoja. Ule mwiba ulikuwepo?"

Mzee yule alimtazama. Kisha akatazama juu ya uzio, akaniona mimi, na macho yake yakashuka mpaka kwenye tumbo langu. Angeweza kusema ulikuwepo. Hakuna mtu hai aliyejua isipokuwa yeye. Mwiba ungekuwepo mpaka leo.

"Haukuwepo," Nikodemo akasema.

Aliweka jembe chini. "Alizaliwa nalo. Bibi yetu aliogopa watu watasema mtoto ni mkosi, wamtupe, basi akatunga mwiba. Baba alituambia wanawe baada ya sisi kutahiriwa. Akatuapisha tusiseme."

"Aliwaambia ninyi," Ghati akarudia. "Wewe na nani?"

"Mimi na Simoni."

"Simoni alijua?"

"Alijua."

Nilimwona Ghati akishika kigingi cha uzio. Alilaumiwa na shemeji miaka yote hiyo, na hilo alilizoea. Lakini mumewe alilala naye kitanda kimoja, akamsikia akilia usiku kwa ajili ya mtoto wake, na alijua, na alikufa bila kusema. Ghati alirudi nyumbani kwa njia ndefu, kuzunguka mstari wote wa nyumba, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Siku mbili Ghati hakufungua mdomo. Alituongelesha kwa mikono tu: maji, kuni, chumvi, funga mlango. Stanslaus na wenzake waliondoka kwenda kijiji kingine. Kabla ya kuondoka alikuja kuaga, na Ghati akampa jogoo, kwa mikono bado. Siku ya tatu alichinja mtetea, akasonga ugali wa mtama na muhogo, akatenga maziwa ya kibuyu. Akaniambia kwa sauti, na sauti yake ilikuwa imekwaruza: "Mtume Method amwite baba yake mkubwa. Aje kula."

Nikodemo alikuja. Alikaa. Nilimpa Method maji ya kumnawisha, nikarudi jikoni, nikachungulia kupitia nyufa za ukuta. Sahani iliwekwa mbele yake. Mkono wake ulikaa gotini muda mrefu.

"Ghati," akasema, "nimekosa."

"Kula kwanza."

Akala. Alikula kama mtu anayefanya kazi, tonge baada ya tonge, mpaka akamaliza. Waisiko alikuwa ukutani kwake. Alimtazama, akanitazama mimi jikoni, akauliza kwa mikono: huyu amefanya nini? Anakula kwa nini? Nikatoka nijaribu kumweleza. Sikuwa na maneno ya chembe wala urithi. Nikaonyesha nywele nyeupe za yule mzee. Nikaonyesha mtu mkubwa zaidi, wa nyuma yake, baba yake, na jicho. Kisha nywele zako, macho yako, masikio yako. Kutoka kule. Si kwa mama.

Sikujua kama Waisiko alikuwa amewahi kufahamu kwamba mama yake analaumiwa kwa ajili yake. Nilijua pale kwamba alifahamu. Uso wake ulibadilika wote. Akainuka kutoka ukutani, akaenda mpaka kwa Nikodemo, akaweka kiganja juu ya kichwa chake cheupe, kisha akakiweka juu ya nywele zake mwenyewe. Msichana kumgusa mzee kichwani ni jambo lisilofanyika kwetu. Nikodemo hakusogea. Alikaa vile mkono ukienda na kurudi mara tatu, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta.

Baada ya hapo alikula kwetu karibu kila siku. Lakini jina lake la mikono halikubadilika. Waisiko hakuwa mtu wa kubadilisha majina. Alimletea chakula huku akimtaja kwa kusukuma sahani, na sisi tulicheka, na mzee akauliza tunacheka nini, na hatukumwambia kamwe.

Ghati hakumsema mumewe vibaya mbele yetu hata mara moja. Lakini kaburi la Simoni lilikuwa kule kilimani, na awali alikuwa akipanda kulipalilia kila Pasaka. Hakupanda tena. Method alikwenda peke yake.

Mwanangu alizaliwa mwezi wa pili mwaka 1976, katika zahanati ya kijiji. Alikuwa msichana. Mkunga alimfuta, akanipa, na nikaona kishungi. Siku ya tatu alifungua macho vizuri: bluu ya maji matupu, kama ya Waisiko. Tukampa jina Mokami. Alipokuwa na wiki sita Method alichukua sufuria na mwiko, akasimama nyuma ya mtoto, akapiga. Kuku walikimbia. Mbwa wa jirani akabweka. Mokami aliendelea kutazama mwanga wa dirisha.

Akapiga tena. Akapiga mpaka Ghati akamnyang'anya mwiko.

"Basi," akasema. "Umeshajua."

Nililia siku ile, siwezi kusema sikulia. Lakini nilichokiogopa zaidi hakikutokea. Kisimani mama mmoja alianza kusema kuhusu wanawake wa kutoka Tarime na mizigo wanayovuka nayo mtoni. Nikodemo alikuwa anapita na ng'ombe wake. Akasimama. "Huyo mtoto ni wa kwetu," akamwambia, mbele ya watu wote. "Ana jicho la baba yangu." Akaswaga ng'ombe wake akaenda zake. Siri ya miaka mingapi sijui ikaisha hapo kisimani, kati ya ndoo.

Na Mokami hakuwa kama watoto wengine wa hali yake niliowaona baadaye, waliokaa pembeni ya nyumba zao bila neno hata moja. Alizaliwa ndani ya lugha. Waisiko alimchukua tangu siku ya kwanza, akambeba, akamwongelesha. Akiwa na miezi minane Mokami alikunja na kukunjua kiganja, maziwa, wakati watoto wa majirani bado wanapiga kelele tu. Akiwa na miaka mitatu alikuwa anamsengenya padre.

Nilizaa wengine wawili. Esta hakupata kitu, na mdogo wao alipata kishungi peke yake. Mokami alipofikisha miaka minane tulimpeleka shule ya viziwi, mbali, safari ya treni. Alirudi likizo na mikono mipya, ya haraka, ya alfabeti, nami nikajifunza upya nikiwa mtu mzima na vidole vimekwisha kukakamaa kwa jembe. Sasa ni fundi cherehani Musoma, ana mume na watoto. Ghati, Nikodemo, hata Method, wote wametangulia. Watu wamerudi kujenga wanakotaka, na ile mistari iliyonyooka huioni tena ukipita.

Nina mengi ya kuyakumbuka ya miaka ile, na si yote matamu. Lakini lipo moja ambalo nikiwa peke yangu nalitafuta kwa makusudi. Ni msimu wa kuvuna mtama, Mokami ana miaka kama sita. Yeye na Waisiko wamekaa juu ya rundo la masuke, wanasimuliana jambo, sijui lipi, mikono inakwenda kasi mpaka inagongana. Kisha wanacheka. Wanacheka kwa sauti kubwa mno, sauti nene na nyembamba zisizofanana na za mtu mwingine, kwa sababu hakuna kati yao ajuaye jinsi anavyosikika wala aliyewahi kuambiwa apunguze. Watu shamba zima wanainua vichwa kutazama. Na mimi ninasimama na kisu changu mkononi, siwaiti, siendi karibu, nasikiliza kwa niaba yao.